Gitaa Lililobaki Sikio la Pili

Tulikuwa ndani ya basi la Morogoro, mimi na mdogo wangu wa mwisho, na iafoni ilikuwa jozi moja tu. Tukagawana kama tulivyozoea tangu utotoni, yeye kushoto, mimi kulia. Simu ilikuwa inapiga rumba ya Kikongo ya miaka ya 1980, zile za dakika kumi na ushei ambazo waimbaji wanamaliza yao mapema na kuwaachia uwanja wapiga magitaa. Sebene lilipoingia, mdogo wangu akaanza kuliigiza gitaa kwa mdomo, ti-ri-ri-ti, huku kidole kikigonga goti. Nikamtazama nikidhani ameruka wimbo.

"Dada, husikii hilo gitaa?"

"Gitaa gani? Mimi nasikia hili linalopanda juu tu."

Tukabadilishana. Kwenye sikio la kushoto nikakuta gitaa ambalo sikuwahi kulitambua kwa miaka yote niliyoupenda wimbo ule kwenye redio ya nyumbani, redio ya spika moja. Lilikuwa gitaa dogo, lenye noti tatu nne zinazozunguka mahali pamoja, likiingia kila mara lile la juu linapovuta pumzi. Yeye naye akawa kimya, amekipata kile nilichokuwa nakisikia mimi. "Kumbe wako wawili," akasema.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni rekodi zipi hasa zinazodai hedifoni, na zipi zinazopunjwa nazo. Watu wengi hulijibu swali hili kwa kutaja bei: nunua nzuri, utasikia vizuri. Sikubaliani nao. Hedifoni ya bei ghali haiwezi kutoa kilichomo kwenye rekodi isiyo na kitu, na iafoni za kandokando ya stendi zinaweza kukufungulia mlango mzima, kama zilivyonifungulia mimi. Ninachoamini ni kwamba hedifoni hufaa pale ambapo uzuri wa muziki umo katika umbali mdogo: kati ya kidole na uzi, kati ya mdomo na maikrofoni, kati ya gitaa moja na mwenzake. Pale ambapo uzuri umo kati ya mwili na mwili, hedifoni hunyima zaidi kuliko zinavyotoa.

Kwanza tuangalie masikio yenyewe. Sauti husafiri angani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde. Mtu akikuita ukiwa umempa ubavu wa kushoto, sauti yake hulifikia sikio la kulia ikiwa imechelewa kwa milisekunde 0.6 au 0.7, yaani hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haitimii. Inafika pia ikiwa imefifia, kwa sababu kichwa kimeikinga, hasa zile sauti nyembamba. Kwa tofauti ndogo namna hiyo ubongo unajua pa kugeukia. Mikunjo ya sikio la nje nayo huikwaruza sauti kidogo kwa namna yake, na kutokana na mikwaruzo hiyo tunajua kama kitu kiko mbele, nyuma au juu ya mti.

Spika mbili sebuleni hazivunji utaratibu huu. Spika ya kushoto inasikika na masikio yote mawili, ukuta unarudisha chake, na muziki unasimama mbele yako kama watu waliopanga safu. Hedifoni huvunja utaratibu wote kwa mpigo mmoja. Cha kushoto hubaki kushoto, cha kulia hubaki kulia, na kile kilichowekwa sawa pande zote mbili hakisimami mbele yako. Hukaa ndani ya kichwa, katikati ya masikio. Asili haina sauti ya namna hiyo. Ndiyo sababu sauti ya mwimbaji kwenye hedifoni hukaribia kuwa kama wazo lako mwenyewe, na ndiyo sababu pia rekodi iliyochanganywa vibaya humchosha msikilizaji wa hedifoni haraka kuliko wa spika.

Jambo hili ni la zamani kuliko santuri za stereo. Mwaka 1881, kwenye maonyesho ya umeme mjini Paris, Clément Ader alipanga vinasa sauti vya simu mbele ya jukwaa la Opera na kuvuta nyaya hadi kwenye ukumbi wa maonyesho. Wageni walishika vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio, kila kimoja kikiwa kimeunganishwa na kinasa chake jukwaani. Wakawasikia waimbaji wakihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hapakuwa na spika ya kuweza kufanya hivyo. Watu waliijua stereo kwa masikio yaliyozibwa kabla hawajaijua chumbani. Nusu karne baadaye, mwishoni mwa mwaka 1931, Alan Blumlein wa EMI huko Uingereza aliandikisha hataza ya kurekodi kwa njia mbili, akiwa ameyafikiria hasa masikio mawili ya binadamu. Hedifoni ya kusikilizia muziki wa stereo nyumbani ilikuja kuuzwa na John Koss wa Milwaukee mwaka 1958.

Baina ya ujuzi huo na studio za muziki wa vijana kulikuwa na pengo, na msikilizaji wa hedifoni bado analilipia. Albamu ya kwanza ya Beatles, ya mwaka 1963, ilirekodiwa kwa mkanda wa njia mbili, ala njia moja na sauti za waimbaji nyingine, ili iwe rahisi kuzipima na kuziunganisha kuwa mono. Toleo la stereo likaziacha zimetengana hivyohivyo. Kwa spika haidhuru sana. Kwa hedifoni ni kama waimbaji wamekunong'oneza sikio moja huku bendi imefungiwa chumba cha upande wa pili. Hata mwaka 1967, walipotoa *Sgt. Pepper's*, toleo walilolihangaikia wenyewe studioni lilikuwa la mono. Anayetaka kuzisikiliza kazi zao za mwanzo kwa hedifoni atafute matoleo ya mono, yaliyotolewa upya mwaka 2009. Au atumie njia aliyoieleza mhandisi Benjamin Bauer mwaka 1961, ya kuvujisha sehemu ndogo ya kila upande kwenda upande wa pili kwa kuchelewa kidogo, kama hewa inavyofanya sebuleni. Baadhi ya programu za kuchezea muziki zinayo sehemu hiyo, na ni wachache wanaoifungua.

Mono naitetea kwa moyo wote, kwa sababu kwetu hazina kubwa iko humo. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam ziliingia studio zikiwa kamili, zikapiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na fundi mitambo akachanganya papo hapo: nani asogee karibu na maikrofoni, nani arudi nyuma. Ukizisikiliza kwa hedifoni hupati kushoto wala kulia. Unapata kina. Mwimbaji yuko karibu, saksafoni iko nyuma yake hatua kadhaa, tumba ziko mbali zaidi, na chumba kinasikika kati yao. Hata linapoingia chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, unaweza kumsikia mpiga besi akibadilisha mkono. Tatizo ni nakala. Nyimbo nyingi za mono zimehamishwa kutoka kwenye santuri na kaseti kwa mashine za stereo, hivyo sauti ya muziki hukaa katikati ya kichwa, na mikwaruzo hutapakaa masikioni pande zote mbili kama mvua juu ya bati. Kwenye simu nyingi kuna kitufe cha mono ndani ya mipangilio ya usaidizi kwa wenye matatizo ya kusikia. Kibonyeze, kisha sikiliza rekodi za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, alizoanza kuzifanya Bombay mwaka 1928. Sehemu ya mikwaruzo hufutika, na yeye huja mbele.

Kuna wanamuziki waliotunga wakiwa na nafasi ya kushoto na kulia mikononi mwao kama vile ni ala. *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd, iliyotoka Machi 1973, hutajwa kila mahali, na kwa haki. Saa za ukutani zinazolipuka pamoja kwenye "Time" zilirekodiwa na fundi Alan Parsons moja moja katika duka la saa. Mlio wa sarafu kwenye "Money" ni vipande vya mkanda vilivyokatwa kwa kupimwa na kuungwa kuwa duara. Nyayo za mtu anayekimbia kwenye "On the Run" hukata kichwa chako kutoka sikio hadi sikio. Kwa spika, hayo ni mapambo ya kufurahisha. Kwa hedifoni, hofu iliyokusudiwa humo inakuwa ya kwako. Hata hivyo nina neno moja dhidi ya mtindo huu: walioiga baada ya hapo wametuachia maelfu ya nyimbo ambamo sauti zinarukaruka pande zote pasipo sababu, na kusikia kitu kikihama si sawa na kusikia kitu chenye maana.

Waliokwenda mbali zaidi waliweka maikrofoni ndani ya masikio ya kichwa cha sanamu. Kampuni ya Neumann ya Berlin ilitoa kichwa cha aina hiyo mwaka 1973, na mwaka huohuo mchezo wa redio uliorekodiwa kwacho ukarushwa huko Ujerumani. Mwaka 2015 mwigizaji Simon McBurney alisimama na kichwa kama hicho jukwaani katika tamthilia yake *The Encounter*, kila mtazamaji akiwa amevaa hedifoni. Alipopuliza pumzi kwenye sikio la sanamu, ukumbi mzima ulihisi pumzi shingoni. Rekodi hizi zina kasoro moja ya maumbile. Mikunjo ya sikio la sanamu si ya sikio lako, kwa hiyo kilichokuwa mbele mara nyingi utakisikia kikiwa nyuma au juu. Zinafaa sana kwa msitu, mvua, soko, mchezo wa kuigiza. Kwa muziki, bado naziona kama jaribio.

Narudi kwenye magitaa, kwa sababu ndiko nilikoanzia na ndiko hedifoni zimenilipa zaidi. Katika rumba ya Kongo, na katika dansi yetu iliyojifunza kwayo, magitaa hayashindani nani apige zaidi. Gitaa la ridhim linashikilia njia. Solo linapaa. Kati yao kuna lile ambalo Wakongo huliita mi-solo, ambalo kazi yake ni kujaza mianya: halipigi pale solo lilipo, halipigi pale ridhim ilipo. Kwa spika moja, ya redio au ya baa, matatu hayo huungana na kuwa kitambaa kimoja, na msikilizaji huapa kwamba anasikia gitaa moja lenye vidole ishirini. Stereo ilipoenea, mafundi wengi waliyatenga, moja huku, jingine kule. Sikiliza "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, kwa hedifoni, na usifuate sauti ya Franco. Chagua gitaa moja ulifuate kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha rudia na jingine. Mara ya tatu usifuate lolote. Utasikia mazungumzo ambamo hakuna anayemkata mwenzake kauli.

Jirani zetu wa Buganda walikuwa wameshalifikisha jambo hili mbali zaidi kabla gitaa halijafika. Marimba yao ya amadinda ina mbao 12 zilizolazwa juu ya migomba. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja na mfululizo wake wa mapigo yaliyo sawasawa, na mapigo ya wa pili huangukia katikati kabisa ya mapigo ya wa kwanza. Wa tatu hushika mbao mbili za mwisho za juu. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik, aliyejifunza kwa mwalimu Evaristo Muyinda kuanzia mwaka 1959, alieleza kwa maandishi kile ambacho kila mwenye sikio hukutana nacho: nyimbo unazozisikia ndani ya amadinda hazipigwi na mtu yeyote. Mpigaji wa kwanza hapigi wimbo huo, wa pili hapigi. Sikio lako huokota noti za juu na kuzifunga pamoja, za chini nazo pamoja, na wimbo huzaliwa kwako.

Mwanasaikolojia Diana Deutsch alilionyesha jambo hilohilo kwa hedifoni katika miaka ya 1970. Aligawa noti za ngazi mbili za muziki kwa kupokezana, moja sikio hili, inayofuata sikio lile, na watu wengi wakasikia nyimbo laini ambazo hakuna sikio lililopelekewa. Alitaja pia kuwa Tchaikovsky alikwishafanya hivyo mwaka 1893, mwanzoni mwa sehemu ya mwisho ya simfonia yake ya sita: fidla za kwanza na fidla za pili zinapokezana noti, na ule wimbo wa huzuni unaousikia haumo katika karatasi ya upande wowote. Itafute rekodi ya okestra iliyoketisha fidla za kwanza kushoto na za pili kulia, kama ilivyokuwa desturi enzi zake. Okestra nyingi siku hizi huziketisha pamoja, na mtego mzuri kama huo unafunikwa.

Kwa ala za nyuzi na pumzi sihitaji ushahidi wa maabara. Taarabu asilia ya Unguja ikirekodiwa kwa uangalifu, kanuni husikika mara mbili: kwanza ncha ya kipigio kilichofungwa kwenye kidole inapogusa uzi, kisha uzi wenyewe. Kwa spika ya ukumbini ule mguso wa kwanza hupotea. Nai nayo ina hewa inayotoka pembeni ya mdomo kabla noti haijashika, na ndani ya hewa hiyo unajua mpigaji ana haraka au ametulia. Na kuna ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Hukwe Zawose, aliyefanya kazi na kufundisha Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, alipiga ilimba zenye vyuma vingi ambavyo vingine havipigwi kabisa. Vinaitikia tu jirani zao wanapoguswa. Juu ya kisanduku kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, nao hutoa mvumo mwembamba kama nyuki aliye chumba cha pili. Sikiliza albamu yake *Chibite*, ya mwaka 1996, usiku, kwa sauti ya chini. Ule mvumo ni sehemu ya wimbo, na kwenye spika ya simu haupo.

Sauti ya binadamu ikiwa peke yake ndiyo inayoshikamana na hedifoni kuliko zote. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa wahandisi waliotengeneza MP3, alitumia "Tom's Diner" ya Suzanne Vega kupimia kazi yake, kwa sababu sauti moja isiyo na ala ilifichua kila walichoharibu. Nasi tunaweza kuzipima simu zetu vivyo hivyo: faili iliyobanwa kupita kiasi huifanya herufi "s" itoe povu. Kisomo cha Kurani si muziki, na hakipaswi kuitwa muziki, lakini ni rekodi, na mimi sijui rekodi inayofaidi zaidi ukaribu huu. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary alirekodi msahafu mzima kwa tartili huko Misri mwaka 1961. Ukimsikiliza kwa hedifoni unasikia mahali pa kutokea kwa kila herufi, koo ni koo na midomo ni midomo, na mwanafunzi anayehangaika na matamshi hupata humo mwalimu aliyekaa naye magoti kwa magoti.

Upande wa pili wa hesabu ni mfupi lakini mzito. Msondo, ile ngoma aliyokuwa akiipiga mwimbaji Bi Kidude, hausikiki kwa masikio peke yake. Unapokewa na kifua na nyayo. Hedifoni hutetemesha hewa ya mfereji mdogo wa sikio tu, hivyo besi hata ikiwa kubwa hubaki taarifa ya besi. Singeli, yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika, iliundwa ikipigiwa spika za mtaani kwenye vigodoro vya uswahilini, watu wakiwa wamebanana. Kwa hedifoni utayasikia maneno ya mwimbaji vizuri zaidi, nakiri. Kilichobaki kinafanana na kuitazama harusi kwa tundu la ufunguo. Kwaya ya kanisani nayo, bora uikute ndani ya kuta za kanisa.

Halafu kuna kelele za njiani, ambazo huharibu hata rekodi iliyofaa. Ndani ya daladala iafoni zisizoziba hushindana na injini, na mkono hupandisha sauti bila mwenyewe kujua. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hukatwa nusu. Ukifika 90 umebaki na saa nne za wiki nzima. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena, na vya sauti nyembamba ndivyo hutangulia, yaani kile kipigio cha kanuni, ile pumzi ya nai. Ningependa kila muuza simu amwambie mnunuzi hivyo. Iafoni za mpira zinazoziba vizuri zina kazi kubwa zaidi ya kuleta besi: zinakuruhusu kusikiliza kwa sauti ndogo.

Sony walipoanza kuuza Walkman tarehe 1 Julai 1979, mashine hiyo ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, na kitufe cha rangi ya machungwa ambacho ukikibonyeza muziki unapungua na maikrofoni ndogo inawawezesha wasikilizaji wawili kusemezana. Waliobuni waliona vibaya mtu ajifungie peke yake na wimbo. Siku ya kurudi kutoka Morogoro, mdogo wangu alitoka stendi na kigawio cha waya, tundu moja kuwa mawili, na iafoni nyingine. Tukachomeka. Wimbo ulikuwa uleule, masikio manne safari hii. Waimbaji walipomaliza, akainua kidole hewani akingoja, na kabla sijalisikia lile gitaa dogo likiingia, kidole chake kilikuwa kimeshashuka.